Je, Wajua? Lenzi Ndefu na Wanyama wa Isiolo

Kutoka Nanyuki barabara hupita kwenye mashamba ya ngano ya Timau, kisha huteremka hadi Isiolo, na kuanzia hapo nchi ni kame, tambarare na wazi. Mbele kidogo, kando ya mto Ewaso Ng'iro, ziko hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, na ng'ambo ya mto iko hifadhi ya Samburu. Huku ndiko wanakoishi wanyama watano ambao wageni huvuka bahari kuja kuwatazama: punda milia wa Grevy, twiga mwenye michoro ya wavu, swala twiga, choroa, na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya buluu. Katika uwazi huo, mara nyingi mnyama amekwisha kukuona kabla hujamwona. Kwa hiyo wapiga picha hufika na lenzi za milimita 600, 800, hata 1200. Lenzi hizo zimetoka wapi, hufanyaje kazi, na hushindwa wapi? Soma uone.

Namba kubwa, dirisha dogo

Je, wajua kwamba milimita zinazoandikwa kwenye lenzi ndizo zinazokueleza utaona kiasi gani cha dunia? Kwenye kamera yenye sensa ya upana wa milimita 36, lenzi ya 600 huona digrii 3.4 tu kutoka kushoto hadi kulia. Ya 1200 huona digrii 1.7. Ya 2000 huona digrii moja hivi. Nyoosha mkono wako mbele, inua kidole cha mwisho: kidole hicho hufunika takriban digrii moja. Mwenye lenzi ya 2000 anapiga picha ya kile kilichojificha nyuma ya kidole chake.

Na je, wajua kwamba si kila lenzi ndefu ni telefoto? Lenzi ya kawaida ya milimita 600 ingehitaji mwili wenye urefu wa karibu sentimita 60. Telefoto ya kweli hupunguza urefu huo: vioo vya mbele hukusanya mwanga, na vioo vya nyuma huutawanya kidogo kabla haujafika kwenye kamera, hivyo lenzi inakuwa fupi kuliko namba yake. Mmoja wa waliovumbua mpangilio huo mnamo 1891 ni Thomas Rudolphus Dallmeyer wa London. Mwaka 1899 alitoa kitabu kizima kuhusu upigaji wa picha za mbali.

Afrika Mashariki ilikuwa shule ya mwanzo

Je, wajua kwamba baadhi ya picha za kwanza za wanyama wa porini zilizopigwa kwa telefoto zilitoka huku kwetu? Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Tanganyika ya enzi ya Wajerumani akiwa na telefoto na taa za mmweko za usiku. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilisomwa sana Ulaya, kwa sababu wengi walikuwa hawajawahi kumwona simba au kiboko isipokuwa kwa mkono wa mchoraji au nyuma ya vyuma.

Miaka minne baadaye, mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alifika hadi Ewaso Ng'iro. Mwanawe Kermit ndiye aliyekuwa mpiga picha wa msafara. Hata hivyo bunduki ndiyo iliyotangulia, kwani msafara ule ulikuwa ukikusanya ngozi na mifupa kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Twiga wa wavu na choroa walianguka kando ya mto uleule ambao leo wageni huushukia na kamera peke yake. Mabadiliko hayo ni makubwa, na tusiyachukulie kuwa yalikuja yenyewe. Yaliletwa na sheria na watu waliozilinda hifadhi hizi. Ufundi wa vioo nao ulichangia, kwa kumwezesha mtu kurudi nyumbani na kitu bila kuua.

Lenzi nzito kuliko punda

Je, wajua kwamba lenzi za ajabu zaidi duniani ziliagizwa kutoka Ghuba? Mwaka 2006, kwenye maonyesho ya Photokina mjini Cologne, Ujerumani, kampuni ya Zeiss ilionyesha lenzi ya milimita 1700 yenye uzito wa kilo 256. Iliundwa kwa ajili ya mteja mmoja wa Qatar aliyependa picha za wanyama. Hakuna bega linaloibeba, na huwezi kuilenga kwa mikono. Huendeshwa kwa mota.

Leica nayo ilimtengenezea Sheikh Saud bin Mohammed Al-Thani wa Qatar lenzi ya milimita 1600 yenye urefu wa mita 1.2 na uzito wa zaidi ya kilo 60. Bei yake ilikuwa dola 2,064,500 za Marekani.

Canon, kwa upande wake, ilikuwa na lenzi ya milimita 1200 yenye tundu la kupitisha mwanga la f/5.6 na uzito wa kilo 16.5, iliyotengenezwa kwa maagizo tu kuanzia miaka ya 1990. Fuwele zake kubwa za floraiti zilikuzwa polepole sana, kwa hiyo zilitoka chache. Mnamo Oktoba 2021 moja kati ya hizo iliuzwa kwenye mnada wa Wetzlar, Ujerumani, kwa euro 500,000.

Kwa nini baadhi huwa nyeupe?

Je, wajua kwamba rangi nyeupe ya lenzi kubwa za michezo na za porini haikuanza kama pambo? Fuwele ya floraiti hupitisha mwanga bila kuzitawanya sana rangi zake, na hivyo picha huwa safi. Udhaifu wake ni kwamba hutanuka upesi ikipata joto, na kioo kikitanuka, ulengaji huhama. Rangi nyeupe hurudisha miale ya jua. Kwenye uwanja wa mpira wa Ulaya hilo ni jambo la tahadhari. Kwenye nyika ya Shaba saa saba mchana ni hitaji. Mwenye lenzi nyeusi atafaidika akiifunika kwa leso au shuka nyeupe kila anapoiweka kando, badala ya kuiacha juani kwenye kiti cha gari.

Kamera ya kilo moja na nusu inavyojiita 3000

Je, wajua kwamba kuna kamera isiyofika kilo moja na nusu inayoona mbali kuliko lenzi zote za wale matajiri? Nikon P1000 ilitoka mwaka 2018, na zumu yake hufika mahali panapolingana na lenzi ya milimita 3000. Siri iko kwenye sensa. Lenzi yenyewe huishia milimita 539, lakini sensa ni ndogo sana, hivyo inachukua kipande cha katikati tu cha taswira, na kipande hicho kikijazwa kwenye fremu huonekana kimekuzwa mno.

Hasara yake ni mwanga. Sensa ndogo na tundu dogo hutoa picha yenye chengachenga mara jua linapozama. Lakini kwa mwanafunzi anayetaka kuona mashimo ya mwezini, au kwa kiongozi wa watalii anayetaka kujua ni ndege gani aliye juu ya mgunga ule wa mbali, ni chombo cha thamani. Na asiye na hata hicho anaweza kuweka simu yake kwenye jicho moja la darubini ya mkononi. Picha itakuwa na duara jeusi pembeni, lakini itatosha kumtambua ndege.

Pete zinazong'aa mtoni

Je, wajua kwamba zipo lenzi ndefu zinazotumia vioo vya kuakisi, sawa na darubini za wanajimu? Mwanga huingia, hugonga kioo cha nyuma, hurudi mbele kwenye kioo kidogo cha katikati, kisha ndipo huingia kwenye kamera. Kwa kukunjwa mara mbili, safari ndefu ya mwanga hutoshea ndani ya mkebe mfupi. Lenzi ya namna hii ya milimita 500 huingia mfukoni mwa koti na bei yake ni nafuu.

Utaitambua picha yake mara moja. Kile kioo kidogo huziba katikati ya lenzi, kwa hiyo kila nukta ya mwanga iliyo nje ya ulengaji hugeuka pete. Piga tembo akinywa maji asubuhi, na mng'aro wa Ewaso Ng'iro nyuma yake utajaa pete ndogondogo. Wapo wanaozipenda na wapo wasiozivumilia.

Sentimita 27 tu

Je, wajua kwamba lenzi ndefu hukuza pia mtetemo wa mkono wako? Kanuni ya zamani husema kasi ya shata isipungue sehemu moja ya sekunde kwa idadi ya milimita: kwa lenzi ya 600, angalau 1/600 ya sekunde. Mitambo ya kisasa ya kutuliza mtikisiko humsaidia sana mpiga picha, lakini haimtulizi mnyama. Swala twiga anaposimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya juu ya mgunga, kichwa hakitulii, na ni kasi ya shata peke yake itakayomgandisha.

Ndani ya gari, stendi ya miguu mitatu haina nafasi. Wenye uzoefu huweka kifuko cha maharagwe au mchele dirishani na kulaza lenzi juu yake. Injini huzimwa, na walio ndani huombwa wasijigeuze kwenye viti.

Tatizo la pili ni kina cha ulengaji. Lenzi ya 600 ikifunguliwa hadi f/4, na mnyama akiwa mita 20, sehemu iliyo kali mbele na nyuma ni kama sentimita 27. Mnyama akisogea hadi mita 10, hubaki sentimita 7 hivi. Ukilenga jicho la choroa anayekutazama, mabega yake yameshafifia. Ndiyo maana walio makini hulenga jicho, na la karibu. Mtazamaji husamehe mgongo uliofifia, lakini jicho lililofifia hulikataa.

Na yule anayerefusha lenzi kwa kile kipande kinachofungwa kati yake na kamera naye hulipa. Kipande cha mara 1.4 hunyonya nusu ya mwanga. Cha mara mbili hubakiza robo tu. Kasi ya shata hushuka, na mtetemo hurudi.

Adui ni hewa

Je, wajua kwamba kwenye joto la Isiolo, lenzi ya mamilioni na ya bei ya kawaida zinaweza kutoa picha mbaya kwa kiwango kimoja? Kwa hesabu, lenzi ya 600 yenye tundu la f/4 ina kioo cha mbele cha sentimita 15, na kioo cha upana huo kinaweza kutenganisha vitu vilivyoachana milimita 5 kutoka umbali wa kilomita moja. Hiyo ni kwa hesabu tu, kana kwamba hakuna hewa katikati.

Hewa ipo. Jua linapopasha udongo, udongo hupasha hewa iliyo juu yake. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda, na ile ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Kila tabaka hupinda mwanga kwa kiasi chake. Mwanga uliotoka kwenye mwili wa punda milia aliye mita 800 umepindwa mara nyingi kabla ya kukufikia, na milia hufika imetetema na kuyeyukiana. Haya ni mazigazi yaleyale yanayomwonyesha msafiri maji barabarani. Lenzi inapokuza mnyama, inakuza na mazigazi pia.

Wengi hurudisha lenzi dukani wakidhani ina kasoro, kumbe kosa lilikuwa la saa. Dakika za mwanzo baada ya jua kuchomoza, udongo bado una ubaridi wa usiku na hewa imetulia. Siku ya mawingu pia hufaa. Boneti ya gari iliyotoka safarini huachia joto mbele ya lenzi yako, kwa hiyo geuza gari ili usipige juu yake. Alfajiri, joto la ndani ya gari hutoka kwa dirisha lilelile ulilotolea lenzi, basi fungua madirisha yote mapema ili hewa ilingane. Piga picha nyingi mfululizo, kwani hewa hutulia kwa vipande vya sekunde. Na ikiwezekana, ngoja mnyama asogee. Mita mia moja za hewa zikipungua, hakuna kioo cha bei yoyote kinachoweza kuleta faida ya kiasi hicho.

Wanajimu wanajua shida hii tangu zamani. Hewa ileile ndiyo inayozifanya nyota zimetemete, na ndiyo sababu darubini kubwa hujengwa juu ya milima.

Ngamia wanaogusana na mlima uliosogea mjini

Je, wajua kwamba lenzi ndefu haibananishi vitu? Kinachobananisha ni umbali. Chukua ngamia wawili wanaoachana mita 10. Ukisimama mita 10 kutoka kwa wa mbele, wa nyuma yuko mita 20, na ataonekana nusu ya mwenzake. Rudi nyuma hadi mita 500: wa nyuma yuko 510, na tofauti yao ni asilimia 2 tu. Jicho lako tayari linawaona wakiwa karibu sawa, ila ni wadogo mno hujali. Lenzi huwakuza, na hapo ndipo unapoona kana kwamba wanasuguana mbavu.

Mwaka 2020 picha zilizoonyesha Mlima Kenya ukiwa umesimama nyuma ya majengo ya Nairobi zilizua ubishi mkubwa mitandaoni. Wengi waliapa kwamba zimeghushiwa. Mlima uko karibu kilomita 140 kutoka katikati ya jiji, lakini kwenye picha ulionekana uko mtaa wa pili. Maelezo ni yaleyale ya ngamia: mpiga picha alisimama mbali na majengo, akatumia lenzi ndefu, na alfajiri ilikuwa safi. Mlima ulikuwa pale siku zote.

Mlima Kenya kutoka Isiolo

Je, wajua kwamba kutoka mji wa Isiolo hadi kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, ni kama kilomita 64? Asubuhi isiyo na mawingu, lenzi ya 600 ikielekezwa huko hujaza fremu kwa upana wa kilomita 3.8: vilele vya kati na mabega yake, bila nafasi ya kitu kingine.

Kwa umbali huo mviringo wa dunia tayari unahesabika. Katika kilomita 64 uso wa dunia hushuka takriban mita 320 chini ya mstari ulionyooka, ingawa hewa hupinda mwanga na kurudisha sehemu ndogo ya kile kilichofichwa. Kwa mlima wa zaidi ya mita 5,000 hiyo si hasara kubwa, lakini kilima kifupi kingepotea chote.

Binadamu wamesukuma jambo hili mbali zaidi. Tarehe 13 Julai 2016, Marc Bret alisimama kwenye milima ya Pyrenees alfajiri na kupiga picha ya kilele cha Pic Gaspard kwenye milima ya Alps, umbali wa kilomita 443. Guinness iliitambua kuwa rekodi. Alichofanya si kununua lenzi ndefu kuliko wengine. Alikokotoa siku ambayo jua lingechomoza nyuma ya kilele kile, ili mlima uchoreke mweusi mbele ya anga jekundu.

Twiga na mwezi

Je, wajua kwamba twiga wa mita 5 akiwa umbali wa mita 550 hivi huonekana na urefu sawa na upana wa mwezi? Anayetaka picha ya twiga aliyesimama ndani ya mwezi mpevu lazima aanze na hesabu hiyo. Akiwa mita 100 kutoka kwa twiga, mwezi utakuwa kitufe kidogo karibu na shingo. Akirudi hadi mita 1,100, mwezi utakuwa mara mbili ya twiga. Lenzi ya 600 itauweka mwezi kwenye sensa ukiwa na upana wa milimita 5 na nusu. Ya 2000 itaufikisha milimita 18.

Isiolo iko karibu kabisa na Ikweta, na hapa mwezi huchomoza karibu wima. Husogea upana wake wote kwa dakika mbili tu, kwa hiyo picha hutafutwa mchana, mahali huchaguliwa mapema, na twiga ndiye pekee asiyeambiwa.

Jambo jingine: mwezi unaochomoza huonekana mkubwa machoni, lakini kamera haikubali. Kwa kweli ukiwa kwenye upeo wa macho uko mbali zaidi. Ukipanda hadi utosini unakuwa umekukaribia kwa karibu kilomita 6,400, yaani nusu ya unene wa dunia, na picha yake huongezeka kwa chini ya asilimia 2.

Kipozamataza wa Shaba

Je, wajua kwamba kuna ndege ambaye hajulikani popote duniani isipokuwa kaskazini mwa Kenya? Ni kipozamataza wa Williams, aliyepewa jina la mtaalamu wa ndege John G. Williams. Mawe ya volkeno ya Shaba ni mojawapo ya sehemu chache anakopatikana. Ni mdogo, wa rangi ya udongo, hutembea chini na kufanana na vipozamataza wengine. Watu hubishana kuhusu mdomo, mkia na ukosi wake, na ubishi huo huisha pale tu picha ya lenzi ndefu inapoweza kuvutwa na kukaguliwa unyoya kwa unyoya. Kwa wapenzi wa ndege, lenzi ndefu imechukua kazi ya ile bunduki ya makumbusho.

Picha zilizokataa lenzi ndefu

Je, wajua kwamba simba mashuhuri kuliko wote waliowahi kupita Isiolo alipigwa picha kwa karibu kabisa? Ni Elsa. George Adamson alikuwa mlinzi mkuu wa wanyamapori wa wilaya ya mpakani ya kaskazini, na makao yake yalikuwa Isiolo. Mwaka 1956 yeye na mkewe Joy walianza kumlea Elsa akiwa mtoto. Kitabu cha Joy, Born Free, kilitoka mwaka 1960 na picha zilizouonyesha ulimwengu simba akiwa amelala kando ya binadamu. Joy mwenyewe aliuawa Shaba tarehe 3 Januari 1980.

Jirani ya Isiolo, katika Laikipia, mpiga picha Will Burrard-Lucas alipata picha za chui mweusi zilizosambaa duniani Februari 2019. Hakutumia lenzi ndefu. Aliacha kamera kando ya njia za mnyama, zikiwa na kihisio na taa, akaondoka. Usiku chui akapita na kujipiga mwenyewe.

Ukaribu hupatikana kwa malezi ya miaka, au kwa kutokuwepo kabisa. Kwa anayetaka kuwepo na bado asimsumbue mnyama, lenzi ndefu ndiyo njia.

Simba aliyemlea choroa

Je, wajua kwamba kimojawapo cha visa vya ajabu zaidi katika hifadhi hizi kilihitaji watazamaji wakae mbali? Mwishoni mwa 2001, katika hifadhi ya Samburu, simba jike mmoja alimchukua ndama wa choroa na kutembea naye badala ya kumla. Wasamburu walimwita Kamunyak, yaani aliyebarikiwa. Kwa takriban wiki mbili alimlinda, akilala naye mchana, huku yeye mwenyewe akidhoofika kwa njaa, mpaka simba dume alipompata ndama na kumuua. Baadaye Kamunyak aliwachukua ndama wengine. Saba na Dudu Douglas-Hamilton walitengeneza filamu kuhusu kisa hicho.

Gari moja likisogea mno kati ya simba na ndama lingetosha kumkatiza. Thamani ya milimita nyingi iko hapo: zinakupa nafasi ya kushuhudia jambo ambalo lingekoma iwapo ungesogea.

Ubavu wa kulia

Je, wajua kwamba idadi ya punda milia wa Grevy nchini Kenya ilipatikana kwa picha za watu wa kawaida? Punda milia hawa wana milia myembamba iliyosongamana na tumbo jeupe. Jina lao linatokana na rais wa Ufaransa Jules Grévy, aliyezawadiwa mmoja na Menelik wa Ethiopia mwaka 1882. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 15,000. Leo zaidi ya asilimia 90 ya waliosalia duniani wako Kenya, wengi katika kaunti za kaskazini.

Milia ya kila mmoja ni ya kwake peke yake na haibadiliki mpaka anakufa. Kwa hiyo tarehe 30 na 31 Januari 2016 ulifanyika mradi ulioitwa Great Grevy's Rally. Wanasayansi, askari wa wanyamapori, wafugaji, wanafunzi na familia walitawanyika katika kaunti za Isiolo, Samburu, Laikipia, Marsabit na Meru wakiwa na kamera zenye GPS. Agizo lilikuwa moja: kila punda milia apigwe ubavu wa kulia. Milia ya kushoto hailingani na ya kulia, na watu wakichanganya pande, mnyama mmoja atahesabiwa mara mbili. Programu ya kompyuta ilisoma milia na kutenganisha fulani na fulani.

Kwa nini siku mbili? Tuseme siku ya kwanza wamepigwa punda milia 100. Siku ya pili wakapigwa 100 tena, na nusu yao ni walewale wa jana. Maana yake siku ya kwanza mliwafikia nusu ya wote, basi jumla yao ni kama 200. Kwa hesabu ya namna hiyo, makadirio ya 2016 yalikuwa 2,350. Zoezi liliporudiwa Januari 2018 yalifika 2,812, na safari hiyo twiga wa wavu nao walipigwa, kwa sababu michoro yao pia haifanani. Mwaka 2020 likafanyika tena.

Hakuna aliyewashika wanyama hao, kuwachoma sindano wala kuwafunga kola. Picha iliyohitajika haikuwa ya kushinda tuzo: milia iliyo kali, saa sahihi, mahali sahihi. Kamera ya zumu ya kawaida ilitosha, alimradi aliyeishika alifika mapema kabla ya mazigazi na akasubiri mnyama ageuke.

Kwa hiyo ukipanga safari ya Buffalo Springs au Shaba na pesa zako ni za kuhesabu, tumia zaidi kwenye usiku wa pili hifadhini kuliko kwenye lenzi ya ziada. Asubuhi mbili za hewa tulivu zitakupa mengi kuliko milimita 200 zaidi. Washa GPS ya kamera, rekebisha saa yake, zima injini, na ukae mbali kiasi kwamba mnyama anaendelea kula. Akiinua kichwa na kukukazia macho, umesogea mno: rudi nyuma.